Gari ulilokwisha kuliuza moyoni

Kuna kipindi katika maisha ya gari ambacho hakina jina. Linawaka kila asubuhi, linakufikisha uendako, ila wewe mwenyewe umekwisha kuliuza moyoni. Umeanza kuweka akiba ya gari jingine, na tangu siku hiyo kila senti inayoingia kwenye hili la sasa unaiona imepotea. Kubadilisha oili kunasogezwa mbele kwa kilomita 2,000. Bushi zinagonga na unauzoea mlio wake. Fundi akikwambia rejeta inavuja kidogo, unamjibu kwamba gari lenyewe unaliuza karibuni.

Jibu hilo niliwahi kulitoa. Kwa miezi minne nikawa naongeza maji asubuhi na kuondoka, hadi siku moja foleni ilipokuwa ndefu, injini ikachemka, silinda hedi ikapinda na gasketi ikaungua. Kutengeneza rejeta kungekula akiba yangu ya mwezi mmoja. Kutengeneza hedi kulikula ya miezi saba, na gari likashuka bei, kwa sababu mnunuzi akisikia injini iliwahi kufunguliwa anarudi nyuma hatua mbili. Ndiyo maana nina msimamo mkali kidogo juu ya swali hili la kubaki na gari au kulibadilisha: hasara kubwa zaidi nimeiona kwa mtu anayekaa katikati, halitunzi la zamani wala hajafika kwenye jipya.

Tuanze na wanaosema ubaki nalo. Watakukumbusha usiache mbachao kwa msala upitao, na hesabu iko upande wao kuliko wengi wanavyodhani. Gari jipya hupoteza takriban moja ya tano ya thamani yake katika mwaka wa kwanza, na likifika miaka 5 mara nyingi limebaki na karibu nusu. Gari la miaka 15 limekwisha kuimaliza safari hiyo ya kushuka. Ukilitumia mwaka mzima zaidi, hasara ya thamani ni ndogo mno. Magari yenyewe nayo yanadumu siku hizi. Mabati ya bodi hupakwa zinki kuzuia kutu, na mifumo ya mafuta inayoongozwa na kompyuta imepunguza uchakavu wa injini. Marekani, ambako mkopo wa gari si jambo la ajabu, wastani wa umri wa magari madogo yaliyo barabarani umepita miaka 12.

Sasa pima matengenezo kwa kipimo kinachostahili. Chukua marejesho ya mwezi mmoja ya mkopo ambao ungeukopa ili ununue gari jingine, uyaite fungu moja. Mkopo wa miaka 4 ni mafungu 48. Tuseme fundi amekutajia tengenezo la mafungu 6, ukashtuka. Gari likikaa mwaka mmoja baada ya hapo bila jambo lingine kubwa, umetumia mafungu 6 mahali ambapo ungetumia 12, na bado sijaweka bima kubwa ambayo mkopeshaji kwa kawaida huidai. Mafungu 6 yanayobaki ndiyo akiba yako. Kinachotisha ni kwamba tengenezo huja kwa mkupuo, wakati marejesho huja kidogo kidogo, na mkupuo huuma zaidi hata unapokuwa mdogo.

Kwa hiyo siikubali sana ile kanuni maarufu kwamba tengenezo likizidi nusu ya bei ya gari, uza. Bei ya kuuzia haisemi gari litakutumikia muda gani. Gari linaweza kuwa na bei ndogo sokoni na bado likakupeleka kazini miaka mitatu. Kanuni hiyo ina ukweli mmoja tu: fedha ya matengenezo hairudi. Gari likigongwa wiki moja baada ya kufungwa gia boksi jingine, bima, kama unayo ya kulipia gari lako, itakulipa kwa kutazama bei ya soko, na gia boksi hiyo haitaiongeza sana.

Hoja ninayoipenda kuliko zote upande huu inahusu ujuzi. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoharibiwa na ukweli kwamba muuzaji anajua kasoro ambazo mnunuzi hazioni. Mnunuzi, kwa hofu, hutoa bei ya gari la wastani. Mwenye gari zuri hakubali bei hiyo, analiondoa sokoni, na yanayobaki yanazidi kuwa mabaya. Ukiliacha gari lako unaacha kitu unachokijua hadi mlio wa mlango wake, unakwenda kununua siri ya mtu mwingine.

Upande wa pili nao hauna maneno mepesi. Mipira ya maji, sili, bushi na viunganishi vya plastiki huzeeka kwa pamoja, kwa hiyo ukibadilisha kimoja hujapata ahadi yoyote kutoka kwa vingine. Mtu anaweza kulipa tengenezo la busara mara tano mfululizo, kila moja likiwa na hesabu nzuri likitazamwa peke yake, na mwisho wa mwaka akakuta akiba imehamia gereji yote. Marejesho ya mkopo, pamoja na riba yake, angalau yanajulikana tarehe.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya fundi. Anayelipwa kwa kufika, yaani muuguzi wa zamu, dereva, fundi anayewafuata wateja, gari likimzimia njiani mara mbili kwa mwezi anapoteza zaidi ya bei ya spea. Kwake kubadilisha kunaweza kuwa ndiko kuweka akiba kwenyewe. Na lengo lenyewe la akiba halikai mahali pamoja. Mwaka 2021 uhaba wa chipu za kompyuta ulipunguza utengenezaji wa magari duniani, bei za yaliyotumika zikaruka, na waliokuwa wamekaribia kutimiza lengo wakajikuta nyuma tena.

Lakini jambo ambalo sikubali liwekwe kwenye mizani na fedha ni usalama. Kutu iliyotoboa chesisi haina hesabu ya mafungu. Vivyo hivyo gari ambalo airbegi zake, yaani mifuko ya hewa inayofumuka kukukinga wakati wa ajali, mtengenezaji ameagiza zibadilishwe na hazijabadilishwa. Airbegi za kampuni ya Takata ziliua watu kwa vipande vya chuma zilipofumuka, na mamilioni ya magari yaliitwa kwa ajili hiyo. Kasoro ya namna hiyo mtengenezaji kwa kawaida huirekebisha bure, unatakiwa tu kuhakiki namba ya chesisi. Kuna pia mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya ya mwaka 2012. Tafiti za huko zilionyesha kwamba unapunguza kwa karibu nusu ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake. Anayesafiri barabara kuu usiku na watoto nyuma ana haki ya kuuthamini mfumo huo kuliko hesabu yangu yote ya hapo juu.

Hapo ndipo ninaposimama. Gari likiwa na chesisi nzima, breki nzima, na kukufikisha kwako hakutegemei bahati, ningebaki nalo na kujilipa mwenyewe yale marejesho, kila mwezi, tarehe ileile ambayo benki ingeyakata. Anayeshindwa kujilipa fungu hilo kwa miezi sita, gari likiwa zima, amepata jibu mapema kuhusu mkopo. Akiba hiyo iwe na mifuko miwili, wa matengenezo na wa gari lijalo, kwa sababu fedha ikikaa mfuko mmoja kila safari ya gereji itaonekana ni wizi na utarudi kulekule kwenye rejeta yangu.

Kubaki nalo ni kubaki nalo kweli. Mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali na pistoni za injini ziende kwa mpangilio, ukifika muda wake, kwa magari mengi karibu na kilomita 100,000, unabadilishwa hata kama unapanga kuuza mwakani. Ukikatika kwenye injini nyingi vali hugonga pistoni, na mazungumzo ya kuuza yanaishia hapo. Ukomo wa fedha utakayokubali kutumia kulitengeneza nao upangwe leo, gari likiwa linatembea. Ukingoja kuuamua umesimama kando ya barabara, boneti iko juu na fundi anakutazama usoni, utakubali chochote.

Ukishafika kwenye kubadilisha, la miaka 4 hadi 6 ndilo ningelitafuta, maana mteremko mkali wa bei amekwisha kuulipa mtu mwingine. Tafuta fundi wako wewe, asiwe wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda na kulichomeka gari kwenye kompyuta. Skrini isipoonyesha hitilafu, usifurahi haraka: mwombe aangalie kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Visipokamilika, huenda mtu alifuta kumbukumbu za hitilafu au kuchomoa betri siku chache kabla hujafika.

La zamani liuze likiwa linawaka na kutembea lenyewe, na risiti zote za matengenezo mkononi. Mnunuzi akiuliza kwa nini mkanda ni mpya kwenye gari linalouzwa, mwonyeshe tarehe.