Herufi L kwenye majibu ya damu

Mama mdogo alinikabidhi karatasi ya majibu ikiwa imekunjwa mara nne. Kwenye mstari wa NEU, yaani nyutrofili, paliandikwa 1.3, na pembeni yake herufi L, yaani chini ya kiwango. Kwa herufi hiyo tibakemikali yake ya saratani iliahirishwa wiki moja, kisha nyingine. "Mwanangu, kwani damu yangu imekwisha?" akaniuliza.

Tangu siku ile nimesoma sana habari za nyutrofili, na ninaamini wengi wetu tunahangaishwa na herufi isiyostahili kuwa pale.

Nyutrofili ni chembe nyeupe zinazowahi kufika penye jeraha. Uboho wa mifupa huzizalisha takriban bilioni 100 kila siku, na chanzo chake ni seli shina zile zile zinazozaa chembe nyekundu. Kinachoamua hii iwe askari na ile ibebe oksijeni ni jeni. Kuna protini mbili, GATA1 na PU.1, kila moja hujishika kwenye DNA na kuwasha jeni za upande wake. GATA1 huivuta seli changa kwenye wekundu, PU.1 huivuta kwenye weupe, na iliyozidi nguvu huizima nyingine.

Sasa hapa ndipo tunapoingia sisi. GATA1 pia huwasha jeni ya Duffy, inayoweka protini juu ya chembe nyekundu. Protini hiyo ndiyo mlango mkuu wa kimelea cha malaria aina ya vivax. Kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, mahali GATA1 inapotakiwa kushika pamebadilika herufi moja tu ya DNA: T imekuwa C. GATA1 haipati pa kushika, na mlango haujengwi. Herufi moja, na vizazi kwa vizazi vya wazee wetu wakapata ngao!

Ngao hiyo inagusa pia uboho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa chembe nyekundu changa zikikosa Duffy, mwenendo wa seli shina zenyewe hubadilika, na nyutrofili zinazozaliwa huwa nyepesi kutoka kwenye damu na kuingia kwenye tishu. Ukitoa damu mkononi unazikuta chache, kwa sababu nyingi ziko kwingine mwilini. Mtu wa hali hiyo haugui ovyo kwa sababu yake.

Kile kiwango cha 1.5 tunachopimwa nacho (nyutrofili bilioni 1.5 kwa lita ya damu; chini yake mashine huchapa L) kimetokana zaidi na damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000 kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, na nyutrofili zao zilikuwa chini kuliko vipimo vya Marekani. Marekani yenyewe, mwaka 2015, ililegeza masharti ya klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili inayoweza kupunguza nyutrofili, kwa watu wenye hali hii. Kwa nini basi mashine zetu ziendelee kuchapa L ile ile?

Sipuuzi hatari. Mgonjwa wa saratani mwenye homa na nyutrofili chache kweli anaweza kufa kwa siku chache, na daktari anayesita ana sababu. Ndiyo maana nataka ajue kiwango cha kawaida cha mgonjwa wake kabla dawa haijaanza, na maabara zetu zitumie viwango vilivyopimwa kwa watu wa hapa. Kipimo cha Duffy nacho kipo, na hufanywa mara moja tu maishani.

Safari ya tatu tulikwenda na bahasha ya majibu ya zamani, aliyoihifadhi chini ya godoro. Miaka sita kabla ya ugonjwa: 1.4. Mwaka uliofuata: 1.2. Daktari aliziweka karatasi tatu mezani, akazitazama kimya, kisha akaita muuguzi aandae dripu.