Njiti sita za kiberiti na upofu wa mitandao ya grafu

Chukua vizibo sita vya soda na njiti sita za kiberiti. Panga pembetatu mbili zisizogusana, kila kizibo kwenye kona yake. Sasa vuruga, upange tena: safari hii mzunguko mmoja wa pembe sita. Nilifanya hivyo mezani kwa mama lishe, karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, na muuza mchele niliyekaa naye akasema palepale: "Zile zilikuwa mbili, hii ni moja." Mtandao wa neva wa grafu wa kawaida, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye michoro ya vitu vilivyounganishwa kama hii, hauoni tofauti hiyo. Ufundishe mwaka mzima, hautaiona.

Mtandao huu unaishi kwa umbea. Kila nodi, yaani kila kitu kwenye mchoro (hapa ni kizibo), husikiliza majirani zake, huchanganya ilichosikia na ilichokuwa nacho, kisha raundi nyingine huanza. Pale mezani kila kizibo kina majirani wawili, nao kila mmoja ana wawili, na vizibo vyote ni vya soda ileile. Kwa hiyo umbea unaozunguka ni uleule kwa michoro yote miwili. Boris Weisfeiler na Andrei Leman walishaeleza njia kama hii, ya kuipaka kila nodi rangi kulingana na rangi za majirani zake, mwaka 1968, zamani za Umoja wa Kisovieti. Mwaka 2019 timu mbili, moja ya Xu na wenzake, nyingine ya Morris na wenzake, zilithibitisha kwamba mitandao inayopitisha ujumbe kwa majirani haiwezi kutofautisha grafu ambazo upakaji rangi huo hauzitofautishi; hilo ndilo dari lake. Hata kulifikia kuna masharti: nodi ijumlishe inachosikia, isichukue wastani, maana kwa wastani mwenye majirani wawili na mwenye majirani wanne wa aina moja ni sawasawa.

Wenye wasiwasi na upofu huu wana hoja nzito. Dekalini na bisaiklopentili zote zina kaboni 10 na haidrojeni 18. Ya kwanza ni pete mbili za pembe sita zilizoshikana ubavu, ya pili ni pete mbili za pembe tano zilizounganishwa kwa kifungo kimoja. Ukiupa mtandao atomi na vifungo tu, kwake ni kitu kimoja. Mkemia atacheka.

Wa upande wa pili hujibu kwamba dunia si vizibo. Babai, Erdős na Selkow walionyesha mwaka 1980 kwamba upakaji rangi huo unatosha kutambua karibu grafu zote zinazochorwa kwa bahati nasibu. Na mwaka 2020 watafiti wa MIT walitumia mtandao wa aina hii kuibua halisini, molekuli yenye nguvu ya antibiotiki. Upofu haukuwazuia.

Mimi niko nao hawa, ila sio moja kwa moja. Fikiria SACCOS inayotaka kujua nani kamdhamini nani. Watu watatu wanaodhaminiana wenyewe kwa wenyewe ni hatari: mmoja akianguka, anawavuta wenzake. Mzunguko wa watu sita ni habari nyingine. Sasa, kwa ajili ya faragha, data huja imeondolewa majina, umri, hata kiasi cha mkopo. Hapo wanachama wamegeuka vizibo, na nadharia ile ya 1968 imeingia ofisini.

Dawa zipo, kila moja na bei yake. Ukitazama watu watatu watatu badala ya mmoja mmoja, wanachama 1,000 wanakupa mafungu 1,000,000,000 ya kuhesabu, mpangilio na marudio yakihesabiwa. Tena Cai, Fürer na Immerman walionyesha mwaka 1992 kwamba kila ukipanda ngazi, wanne wanne au watano watano, ipo grafu ya kukuhadaa. Ukimpa kila mwanachama namba ya bahati nasibu, mtandao unawatofautisha, lakini kesho kikundi kilekile kikija na namba nyingine huenda kikapata jibu jingine. Muuza mchele aliuliza: "Si uiambie tu ziko mbili?" Ndiyo dawa ninayoipenda: hesabu pembetatu kabla, mpe kila mwanachama idadi ya pembetatu alizomo. Kwenye mchoro wa kwanza kila kizibo kinapata 1, kwenye wa pili 0.

Kinachonisumbua zaidi nadharia hiyo haikigusi. Chora barabara hivi: Moshi, Boma Ng'ombe, KIA, Usa River, Tengeru, Arusha. Mtandao wenye tabaka tatu, yaani raundi tatu za umbea, ukiwa Arusha, unasikia hadi KIA. Foleni ya Boma Ng'ombe haiufikii. Ongeza tabaka basi? Kwenye grafu yenye matawi mengi, idadi ya nodi zinazotuma habari inaweza kuongezeka maradufu kila hatua, huku mfuko wa kuzibeba ukibaki na ukubwa uleule. Alon na Yahav waliueleza msongamano huo mwaka 2021. Na tabaka zikizidi, nodi huanza kufanana zote, kama chai iliyoongezwa maji mara tano.

Kwa hiyo kijana akiniletea mtandao unaokosea, simuulizi kwanza kama unamzidi Weisfeiler. Namuuliza jibu liko hatua ngapi kutoka kwenye nodi, na nodi ngapi kwenye data yake zinafanana kabisa.