Sungura Kwenye Memori Kadi

Kuku wa mama mkwe wangu walikuwa wanapungua, na kwa kuwa katika wakwe wote mimi ndiye mwenye tochi ya maana, kesi ikaletwa kwangu.

Ukweni kwangu ni upande wa Magu, kando ya Ghuba ya Speke. Ukitoka uani unashuka kwenye majaruba ya mpunga, ukimaliza majaruba umefika majini. Mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga, fundi simu pale Makoroboi jijini Mwanza. Simu iliyoingia maji naijua ndani nje. Kuhusu wanyamapori, ninachojua ni kwamba wapo.

"Ni bweha," mama mkwe alisema kwenye simu. "Usiku namsikia kabisa. Njoo na hiyo tochi yako."

Mkwe akiitwa haulizi nauli. Nikashuka Magu na tochi, betri za akiba, na spika ndogo ya Kichina ambayo nitaisema baadaye, maana ndiyo iliyoniponza.

Mtaalamu wa kazi hakuwa mimi. Alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba mkwe, mzee aliyemaliza ujana wake akiwafuatia nyayo wawindaji wa kitalii katika Pori la Akiba Maswa. Huyu mzee haongei mpaka amalize kutazama. Alizunguka banda la kuku mikono ikiwa mgongoni, akainama, akanusa kizingiti, akainuka.

"Bweha akichukua kuku huacha manyoya," alisema. "Kuku anapapatika, manyoya yanakuonyesha alikopita. Kanu akiingia bandani anaua hata wale asiowala. Hapa hakuna hata unyoya mmoja. Na komeo limerudishwa mahali pake."

"Bweha wa siku hizi wajanja," akajibu mama mkwe.

Baba Mkubwa akanitazama, akaitazama tochi yangu. "Haya. Tumwite aje ajitetee mwenyewe."

Kumwita ndiyo kazi yenyewe. Unalia mlio wa sungura aliyenaswa, na bweha, ambaye hajawahi kukataa chakula kinachojitangaza, anakuja. Baba Mkubwa alisema kuna mgeni wake mmoja wa Uingereza aliyewahi kumsimulia kwamba kwao watu hukesha mashambani na taa na kipuliza cha dukani, mbweha anajileta. Kumfukuza mbweha kwa kundi la mbwa walishakatazwa kwa sheria ya 2004, ila taa na kilio vikabaki. Mzee alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaweka midomo mgongoni mwa kiganja chake, akafyonza, na sungura akalia pale pale kambini. Babu yake alikuwa akifanya hivyo bila kwenda dukani.

Bunduki hatukuwa nayo. Hata manati aliniambia niiache ndani. Mnyamapori ana sheria yake, ya 2009, na mzee aliyekula mshahara wa porini miaka yote ile hakuwa tayari kuzeekea mahakamani kwa sababu ya kuku. Tulikuwa tunakwenda kumtazama tu: tumjue ni bweha gani, tumtie hofu kidogo, tulale.

Usiku wenyewe haukuwa na mwezi. Ndiyo usiku wanaoupenda wavuvi wa dagaa, kwa hiyo ziwa zima lilikuwa limewaka taa, ukidhani kuna mji mwingine huko majini usiolipa kodi. Nilikuwa nimevaa koti kubwa la baba mkwe, zito, lenye mifuko ya vifungo, na gambuti zake za shambani. Kwenye tochi nilifunga kwa mpira kioo chekundu cha taa ya nyuma ya pikipiki, kwa sababu mwanga mwekundu wanyama wengi hawaushtukii. Wazo hilo lilikuwa langu, na Baba Mkubwa alilisifia, nikavimba kichwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Alinikalisha kwenye mwamba mmoja ukingoni mwa majaruba, mgongo ukielekea ziwani.

"Baba Mkubwa, na viboko?"

"Kiboko ana njia yake. Hapa si njia yake."

Akanieleza kwa kunong'ona. Usiku upepo wa huku hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Bweha hawezi kuja moja kwa moja, lazima azunguke apate harufu yako kwanza. Ukikaa na maji nyuma yako, hana pa kuzungukia ila kukatiza majaruba mbele ya macho yako. Nilishangaa. Mimi ningekaa nikiwa nimetazama ziwa, kwa sababu ya mandhari.

Mzee akalia sungura. Mara chache, kwa sauti ndogo, kisha kimya. Kimya kirefu. Akalia tena, kidogo zaidi, kisha kimya kingine. Wale wadudu wa ziwani wakawa wameshaniingia masikioni, wengine nimewameza, na ruhusa ya kukohoa sina. Nikasubiri, nikasubiri. Bweha hakuna. Nikaona teknolojia inadharauliwa.

"Baba Mkubwa," nikanong'ona, "ninayo spika. Nimepakua mlio wa sungura kwenye intaneti. Mkali sana."

Akanyamaza muda mrefu. "Meno yangu ya mbele siku hizi hayakazi vizuri," alisema mwishowe. "Haya, washa. Ila kidogo."

Spika ile inasoma memori kadi yenyewe, haihitaji simu. Ina vitufe vitatu vinavyofanana, na gizani vinafanana zaidi. Nikabonyeza.

Nawaambia, sijui sungura yule alirekodiwa wapi wala alifanywa nini. Alilia kwa sauti ambayo hata mimi niliyemleta nywele zilinisimama. Na hakupumzika. Niliuweka mlio ujirudie, kwa hiyo sungura akifa anafufuka hapo hapo na kuendelea alipoachia.

"Sungura gani huyu asiyevuta pumzi?" Baba Mkubwa akauliza. "Punguza!"

Nikabonyeza kitufe cha kupunguza. Kilikuwa cha kuongeza.

Kama hujawahi kusikia mlio wa sungura aliyekamatwa, nikueleze: ni sauti ya mtoto mchanga. Ni kichanga kabisa, cha wiki mbili tatu, aliyetupwa kwenye majaruba usiku wa manane. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichosikia ni sauti ya mwanamke kutoka juu kule kwenye nyumba, kali na ndefu, akipiga mwano, yowe la kuomba msaada.

Mwano ukipigwa Usukumani hakuna anayegeuka upande wa pili akalala. Nyumba ya pili ikaupokea, ya tatu ikaupokea, kisha nikasikia filimbi. Moja, halafu nyingi. Sungusungu. Hawa walianza miaka ya 1980 mwanzoni kule Shinyanga na Tabora kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na kwa jinsi filimbi zile zilivyokuwa zinakuja, miguu yao haijapungua kasi tangu hapo.

"Kaa chini," Baba Mkubwa aliniambia kwa utulivu. "Anayekimbia ndiye mwizi."

Maneno ya hekima. Yalinikuta nimeshafika jaruba la pili.

Spika nilikuwa nimeisukumia mfukoni na kufunga kifungo ili isianguke, ninyi wenyewe mtaona akili yangu ilivyokuwa. Sasa nakimbia na kichanga kinalia kifuani. Nikikata kushoto, filimbi zinakata kushoto. Nikalala kwenye tuta nijifiche, kilio kikatoka tutani. Vidole vilikuwa na tope, kifungo cha koti la baba mkwe kimeshonwa na mtu asiyetaka kifunguke, na nyuma yangu nasikia sauti zinaambizana: "Anaye! Anaye bado hai! Msirushe mshale, mtoto yumo!"

Nikaliacha gambuti la kulia kwenye tope la mpunga. La kushoto likafuata baada ya hatua chache, likiona upweke. Mbele kulikuwa na shamba la mtu lenye uzio wa seng'enge, nikauruka. Mimi nilivuka. Suruali ilibaki.

Walinizingira upande wa pili. Tochi, pinde, mikuki, na mbele yao Kamanda mwenye filimbi shingoni, jasho linamtoka. Mimi katikati na koti, bukta na tope.

"Mtoe mtoto," Kamanda alisema taratibu, vile watu wanavyoongea na kichaa mwenye panga.

"Si mtoto. Ni sungura."

Sungura akalia. Kila mmoja akasikia alivyotaka kusikia.

Kamanda akanisogelea, akakata kifungo kwa kisu, akaingiza mkono kwa uangalifu mkubwa, mkono wa mtu aliyeshawahi kupokea watoto wake mwenyewe. Akatoa spika. Akaigeuza kwenye tochi. Kilio kinamtokea kiganjani. Akaiachia, ikadondoka kwenye tope, ikaendelea kulia kutoka huko chini. Mtu mmoja akaipiga kwa mpini wa mkuki. Sungura akanyamaza. Ikapiga mlio mdogo wa kengele, halafu sauti ya mwanamke, nyororo, ikatangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa kiko tayari kuunganishwa.

Duara lote likarudi nyuma.

"Na mama yake yumo humo humo!" akasema mzee mmoja.

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipotokea, anatembea, gambuti zangu mbili mkononi. Watu wakampisha. Akawasalimia wote, "Mwadila," wakaitikia hata waliokuwa wamevuta upinde, kwa sababu salamu ya mzee lazima iitikiwe kwanza. Akaeleza habari ya kuku, bweha na upepo. Kamanda akasikiliza akitikisa kichwa.

"Mzee wetu, tunakuheshimu. Lakini huyu mtu hana suruali."

"Hilo sina maelezo nalo," Baba Mkubwa akasema. "La sungura naweza kuwaonyesha. Zimeni tochi, mkae kimya."

Wakazima. Mzee akaweka midomo kwenye kiganja, na sungura akalia kidogo tu, kwa adabu, kwa vituo. Kimya. Akalia tena. Na kweli, gizani tukasikia kitu kinakuja mbio kupitia mpunga.

"Bado analia!" kikapiga kelele. "Wanaume wote hawa, mtoto hajatolewa?"

Tochi zote zikawaka kwa pamoja. Alikuwa mama mkwe, mchi wa kinu begani. Yeye ndiye aliyepiga mwano wa kwanza. Akanitazama, akashuka macho mpaka mahali suruali ilipopaswa kuanzia, akageuka haraka na kujifunika kanga usoni.

"Mkwe?" akauliza akiwa ameupa mgongo mkutano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema kwa ile kanga.

Hakuna aliyejua kinachofuata. Sidhani kama mila ina kipengele chake. Baba Mkubwa ndiye aliyetuokoa, maana alishika mkono wangu wenye tochi, akaupeleka polepole kwenye tuta upande wa ziwani. Kwenye ule mwanga mwekundu yaliwaka macho mawili. Mnyama alikuwa amekuja kwa upande wa harufu, kama alivyosema, na alikuwa amekaa anatutazama watu wazima wote tuliokusanyika kwa ajili yake. Aliposimama kuondoka tukaona mstari ubavuni na ncha ya mkia nyeupe.

"Bweha miraba," mzee akanong'ona. "Huyu anawala panya wa majaruba yenu. Mshukuruni."

Kijana mmoja alishainua upinde. Kamanda akaushusha kwa mkono wake mwenyewe baada ya kukumbushwa kibali kinatolewa wapi na kesi inasikilizwa wapi.

Kesi yangu ilisikilizwa pale pale. Kosa: kuwaamsha sungusungu bila mwizi. Faini: kuku, waliwe kabla ya mapambazuko, maana watu wameshaamka na usingizi haurudi. Kuku pekee waliokuwa karibu ni wa mama mkwe. Akaniuzia, bado akiwa amenipa mgongo, kwa bei ya Krismasi, na akadai nilipe kwa simu hapo hapo. Nikalipa, nimejifunga kanga niliyotupiwa kupitia kwa Baba Mkubwa.

Uani moto ukawashwa, sufuria ya ugali ikabandikwa. Vijana wakaingia bandani kuchagua. Yule yule wa upinde akamshika kuku mmoja wa kishingo, akampima uzito, akamrudisha chini.

"Huyu mwacheni," akawaambia wenzake. "Hawa wa kishingo wa humu wana nyama ngumu sana. Wale wa madoa ndio walikuwa laini."

Mama mkwe aligeuka. Usiku ule wote ndiyo mara ya kwanza ninauona uso wake vizuri.

"Wa madoa waliisha wote mwezi uliopita," alisema. "Ulaini wao umeujulia wapi, mwanangu?"

Kuni zilisikika zikipasuka. Kamanda akaishika filimbi yake. Baba Mkubwa akatazama komeo la banda, akamtazama kijana, akavuta kigoda chake kando ili njia iwe wazi.

Kijana akaruka moto, akashuka kuelekea kwenye majaruba, filimbi nyuma yake. Alikuwa anakwenda kasi nzuri sana, nami nilitaka kumpigia kelele kwamba huko mbele kuna seng'enge, lakini mdomo ulikuwa umejaa paja la kuku nililolilipia mwenyewe.