Lenzi Hapa Lamu Haivuliwi

Mwana wa kaka yangu alinijia juzi na kadi ya kamera mkononi, uso umemshuka. Alipiga mashindano ya punda siku ya Maulidi, picha mia nne na zaidi, na kila penye mbingu pana madoa meusi saba. Nimeyahesabu. Saba yale yale, pembe ile ile, kama ndege walioganda. "Shangazi, kamera imeharibika?" Haijaharibika, baba. Umeilisha mchanga.

Dukani walimfungia DSLR, kamera ya kioo ndani na lenzi ya kuvuliwa, pamoja na lenzi mbili, 18-55 ya karibu na 70-300 ya mbali (hizo ni milimita: namba ndogo huona pana, kubwa huvuta mbali), na begi la bure juu yake. Wakamwambia megapikseli 24, kijana akameremeta. Megapikseli 24 siku hizi nani hana? Basi punda walipokuwa mbali alikuwa na 70-300, sawa. Walipokaribia hawakuenea tena kwenye picha. Akachuchumaa pale pale ufuoni, akavua lenzi, kamera ikabaki kinywa wazi huku upepo unavuma na kwato zinatimua vumbi. Alipomaliza kuvisha ile nyingine na kuinua kichwa, mshindi alikuwa keshabebwa juu juu. Picha amekosa, mchanga amepata.

Akanibishia kwamba picha zake za ndani ya nyumba hazina doa hata moja. Bila shaka. Ukifungua tundu la lenzi mpaka f/4, punje iliyokaa mbele ya kihisi, kile kipande kinachonasa picha, hutawanyika isionekane. Ukilifunga mpaka f/16 kwa jua la saa sita, kama alivyofanya yeye, doa linakoza kama limechorwa kwa wino.

Kwa hiyo nasema, na nitasema mpaka mchoke: mtu wa Lamu anunue zumu moja, lenzi inayoona karibu na mbali bila kubadilishwa, aivishe nyumbani mlango umefungwa, na asiivue mpaka arudi. Canon wana 18-135. Nikon wana 18-140, iliyotoka 2013, na 18-200 kwa mwenye uchu wa mbali. Yoyote kati ya hizo ingemchukua punda tangu akiwa nukta mpaka anapita na jasho lake.

Na jamani, mbona kila mtu akitaka zumu huuliza inavuta mpaka wapi? Hapa kwetu la kuuliza ni inaanzia wapi. Kamera hizi za bei yetu zina kihisi kidogo, hukata kingo za picha, kama kwamba namba ya lenzi imezidishwa mara 1.5, na kwa Canon mara 1.6. Hiyo 18 ya Nikon inakuwa kama 27. Sasa yuko mwenzangu mmoja alishauriwa anunue 24-70, lenzi ya kifahari kweli, lakini juu ya kamera yake ya Canon ile 24 inakuwa kama 38. Ukisimama mbele ya mlango wa nakshi na kurudi nyuma hatua mbili, mgongo ushagusa ukuta wa jirani. Mwaka mzima sasa anapiga nusu milango. Ana kizingiti, hana nakshi ya juu. Ana nakshi, hana kizingiti.

Haya, nikubali na mimi. Zumu hizi kwenye 18 hupinda miimo ya mlango, mpaka uinyooshe kwenye kompyuta. Na usiku ni vipofu. Mimi kazi yangu kubwa ni kupiga picha za kupamba, ile sherehe ya bibi harusi, wanawake watupu, simu zimekusanywa mlangoni, kwa hiyo picha zangu ndizo picha. Nikirudi na giza la f/5.6, mama wa bibi harusi atanitangaza mpaka Pate. Huko navisha 35 ya f/1.8. Lakini huko ni ndani, na hakuna punda. Anayetafuta lenzi ya namna hiyo kwa mitumba aangalie: Nikon D3500 haina mota ya kufokasi ndani, ukiipa 50 ya f/1.8D ya zamani utazungusha lenzi kwa mkono mpaka picha ikae wazi. D7200 inayo.

Wenye kamera zisizo na kioo najua mnacheka. Chekeni. Nyinyi kuhama ndiko kulikotushushia bei sisi wa DSLR. Na D3500 hupimwa picha 1,550 kwa chaji moja. Nikienda Matondoni kupiga mafundi wa majahazi, chaja huilaza nyumbani.

Kijana nimempulizia kihisi kwa pampu ya mpira, kamera imeinamishwa, feni imezimwa. Madoa matano yametoka, mawili yamegoma. Ile 70-300 iko juu ya kabati langu, inauzwa, kifuniko chake kipo. Anayepiga ndege na hana haja ya kukaribia punda, aje aione. Begi la bure nampa.