Maduka ya bati la Mesker: ukarabati uanzie juu

Miji midogo ya katikati ya Marekani, hasa Indiana, Illinois na Missouri, bado ina maduka ya mwisho wa karne ya 19 yaliyobanana kuta kwa kuta: ghorofa mbili, upana wa futi 25 hivi, na mbele mawe ya kuchonga. Gonga hayo mawe kwa kidole, utasikia bati.

Inama kwenye kitako cha nguzo ya chuma mlangoni, ufute vumbi. Mara nyingi jina la kiwanda limo humo humo kwenye chuma: Mesker Brothers wa St. Louis, au George L. Mesker wa Evansville. Ni ndugu wa damu waliokuwa na viwanda tofauti, na wote waliuza sura nzima ya duka kwa katalogi. Mwenye duka alituma vipimo; nguzo za chuma cha kusubu na mabati ya zinki yaliyopigwa chapa yakaja kwa treni, mafundi wa pale pale wakayapigilia. Ua la yungiyungi ni alama ya St. Louis; ua la mtambaazi lenye umbo la tarumbeta ni la Evansville.

Kinachonikera ni kuona fedha za ukarabati zikiishia kwenye vioo na kibao cha jina. Adui wa jengo hili ni maji, nayo huanzia juu. Lile taji la bati lililotokeza kileleni ni tupu ndani, limeshikwa na mbao tu. Kiungo kimoja kikiachia, mvua huingia, mbao zikaoza, misumari ikakosa pa kushika, na taji likaanza kuinamia barabarani. Viungo vilehemiwe, silikoni ni ya muda tu. Kiraka kiwe bati la zinki, kamwe kisiwe shaba nyekundu: maji yakitoka kwenye shaba yakagusa zinki, zinki ndiyo inayoliwa. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya kupakwa juu ya zinki, kwa sababu rangi ya mafuta ikigusana na zinki hugeuka sabuni kwa chini na kubanduka mapande mapande. Kuondoa rangi kuukuu kwa kupuliza mchanga msithubutu. Huondoa zinki yote.

Kuta za pembeni ni matofali laini yaliyojengwa kwa chokaa, na hapa saruji hufanya uharibifu ule ule unaoonekana kwenye nyumba za matumbawe za Lamu na Mji Mkongwe. Saruji ni ngumu kuliko tofali, haipitishi unyevu, basi unyevu hutoka nje kupitia tofali lenyewe. Na huko Marekani kuna baridi pia: maji yanaganda ndani, uso wa tofali unabanduka. Chokoa kiungo, yaani mstari wa chokaa kati ya matofali, kwa tindo na nyundo, wala si kwa grinda, kina mara 2 na nusu ya upana wake. Cha milimita 10 kichokolewe milimita 25. Jaza chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa tabaka, na ukuta uwe umeloweshwa kwanza.

Maduka mengine yalifunikwa kwa alumini miaka ya 1950 na 1960. Kabla ya kusaini mkataba wa kuibandua, fungua kipande kimoja uchungulie na tochi. Mara nyingine taji lilikatwa ili alumini ikae sawasawa, na gharama ya taji jipya ni bora ijulikane kabla jukwaa la mafundi halijasimamishwa.