LVN kwanza au RN moja kwa moja? Tuongee bila kudanganyana

Jumapili tulikuwa kwenye ubatizo hapa Houston, chakula kimeisha watu wamekaa na chai, ikaanza ile mada ambayo huku haikosekani, mambo ya unesi. Kuna binti katoka Morogoro, alishinda grinikadi ya bahati nasibu, ana miaka miwili hapa anafanya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, na wiki hiyo alikuwa kapata nafasi ya kusoma LVN, ule unesi wa leseni wa ngazi ya kwanza, mwaka mmoja. Badala ya kupongezwa, kaka mmoja ambaye ni RN, nesi aliyesajiliwa wa ngazi ya juu, hospitali kubwa akamkata palepale, usipoteze mwaka wako mdogo wangu, LVN haina maisha, nenda RN moja kwa moja. Dada mwingine, LVN mwaka wa tisa huu, akadakia haina maisha vipi wakati mimi nyumba nimenunua kwa hiyo hiyo LVN? Basi yakawa maneno, kila mmoja na watu wake nyuma, binti kabaki anakiangalia kikombe. Baadae akanifuata jikoni, anti wewe unasemaje, maana wewe umepita kote.

Kweli nimepita kote. Nimekuwa CNA, nikawa LVN miaka minne, sasa ni RN. Ila pale jikoni mikono ina povu la sabuni sikuweza kumpa jibu la maana, kwahiyo naliandika hapa, na najua hayuko peke yake.

Kwa asiyejua, LVN ni jina la Texas na California tu, majimbo mengine yote wanaita LPN, kazi ni ileile. Ukilinganisha na nyumbani LVN yuko karibu na nesi wa cheti, yule wa astashahada, na kwa Kenya wale walioitwa enrolled, wakati RN ni stashahada kwenda juu. Texas sheria inataka programu ya LVN iwe na saa zisizopungua 1,398, darasani 558 na kwa wagonjwa 840. California ni 1,530, yaani 576 za darasa na 954 za wagonjwa. Angalia hizo namba vizuri, muda mwingi uko wodini sio kwenye kiti, saa 12 na nusu asubuhi umeshavaa sare umesimama kwenye korido unasubiri mwalimu akugawie mgonjwa. Anayekuambia ni kozi ya mtandaoni unasoma ukiwa kazini anakudanganya. Ukimaliza unakaa mtihani wa leseni, NCLEX-PN, dola 200 kuandikishwa, maswali kati ya 85 na 150, kompyuta inakuongezea ugumu kadri unavyopatia, na ikiridhika na jibu lake kukuhusu inazima.

Sasa nianze na yule kaka, maana watu walimzomea ila hoja zake ni nzito.

Kwanza hospitali. Mwaka 2010 taasisi kubwa ya tiba ya Marekani, Institute of Medicine, ilitoa ripoti ikapendekeza kwamba ifikapo 2020 asilimia 80 ya ma-RN wawe na digrii. Hospitali nyingi zikaanza kusukuma huko, na mlango wa LVN ukazidi kuwa mwembamba, kazi zake nyingi zikabaki nyumba za wazee, kliniki za madaktari, magereza na kuhudumia wagonjwa majumbani. Pili sheria yenyewe inamwekea LVN mpaka, Texas hawezi kufanya ule uchunguzi kamili wa mwanzo mgonjwa anapoingia, hiyo ni ya RN, na muda wote anafanya kazi chini ya usimamizi wa RN au daktari. Halafu pesa. Takwimu za wizara ya kazi za 2024 zinasema LVN wa katikati, yaani nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, alipata dola 62,340 kwa mwaka, RN dola 93,600. Tofauti ni zaidi ya dola 31,000 KILA MWAKA, hiyo ni kiwanja Kigamboni na kuanza msingi.

Na kuna hoja ambayo kaka hakuitaja lakini ndo kubwa kuliko zote kwa ndugu walioko nyumbani wanaota kuja huku kwa kazi. Wizara ya kazi ya Marekani ina orodha yake ya kazi ambazo tayari wamekubali zina upungufu wa watu, na mwajiri anayemleta mgeni anaruka ile hatua ndefu ya kuthibitisha kakosa Mmarekani wa kuifanya. RN yumo kwenye hiyo orodha. LVN hayumo. Kwahiyo ukisikia wakala Dar au Nairobi anakuambia lipa nikupeleke Marekani kama LVN, muulize njia ni ipi, mwache ajieleze mpaka mwisho.

Hata watunga sheria wanaonekana kumsahau huyu mtu wa katikati. Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni ya idadi ya wafanyakazi kwenye nyumba za wazee, saa 0.55 za RN kwa kila mzee kwa siku na saa 2.45 za CNA. LVN hakupewa fungu lake, aliingia tu kwenye jumla ya saa 3.48. Kanuni hiyo mahakama ya hapa Texas iliitupa Aprili 2025, lakini mimi niliposoma zile namba nilijisikia vibaya, kwasababu najua usiku kwenye hizo nyumba nani anakuwepo.

Na hapo ndo naingia upande wa dada, ambaye watu walimwona anatetea ugali wake tu.

Sheria ya serikali kuu inadai RN awepo kwenye nyumba ya wazee saa 8 mfululizo kwa siku, siku zote 7. Saa zilizobaki inatosha awepo nesi mwenye leseni, na nyumba nyingi huyo ni LVN. Ina maana saa 9 usiku inchaji wa jengo zima ni wewe. Nakumbuka usiku wangu wa kwanza peke yangu, wazee 34, ma-CNA watatu, kigari cha dawa kina gurudumu moja linalolia, kila mzee ana kadi zake za vidonge umezipanga kwa chumba, huyu anameza mwenyewe, huyu lazima usage uchanganye na pudini, yule ukimsagia umemuua maana kidonge chake kimetengenezwa kuyeyuka polepole. Saa 10 kasoro mama mmoja kaanguka chooni. Unampima, unaangalia anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi au hatumii, unampigia daktari ambaye umemwamsha na anataka maneno manne ya maana sio hadithi, unaipigia familia, unaandika. Hakuna mtu wa kumuuliza. Baada ya miaka minne ya hivyo nilipokwenda kusoma RN nilikuwa na kitu ambacho wenzangu waliotoka moja kwa moja hawakuwa nacho, nilikuwa najua uso wa mgonjwa anayeanza kubadilika kabla mashine haijasema.

Mafunzo yenyewe nayo yasidharauliwe. Mwalimu wetu wa dawa alitupa swali, daktari kaandika digoksini, dawa ya moyo, miligramu 0.125, kidonge ulichonacho ni 0.25, unatoa ngapi? Darasa zima nusu kidonge, tukafurahi. Akasema sawa, mapigo yake ya moyo umehesabu dakika nzima? Ni 52. Sasa unatoa ngapi? Kimya. Jibu ni hutoi, mapigo yako chini mno, unaizuia unampigia daktari. Hesabu tulipata wote na mgonjwa tungemdhuru wote. Hiyo sio kozi ya chapchap ya kibarua chenye jina zuri, ni unesi.

Lakini hoja kubwa ya dada ni muda na kodi ya nyumba. Watu wanasema RN ni miaka miwili. Miwili ipi? Kabla hata hujaomba nafasi, vyuo vingi vinataka anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, Kiingereza cha uandishi, saikolojia, na masomo ya sayansi yana maabara kwahiyo yanakula wiki. Halafu mtihani wa kuingilia, halafu unashindana na watu wenye A tupu. Mtu anayefanya dabo, yaani shifti mbili mfululizo, wikiendi, ana mtoto, na anatuma hela nyumbani, hiyo miwili inakuwa minne, na minne hiyo anaishi kwa mshahara wa CNA huku mgongo unaisha kwa kunyanyua watu. Wengi wanaosema "nenda moja kwa moja", na nasema hili kwa upendo, walikuwa na mume au mke au kaka aliyelipa kodi wakati wao wanasoma. Huyu binti hana. Ana mama Morogoro anayesubiri hela ya dawa za presha.

Kwahiyo nani yuko sahihi? Mimi naona wote wawili wanajibu swali ambalo binti hakuuliza. LVN ikichukuliwa kama daraja ni nzuri sana. Ikichukuliwa kama nyumba ya kuishi, tofauti ya zile elfu 31 inakula maisha yako taratibu bila kelele. Na mtego uko palepale kwenye uzuri wake, mshahara wa kwanza wa LVN baada ya CNA unakuja kama mvua, unanunua gari, unaongeza ovataimu, unasema nitarudi shule Januari, Januari inakuwa ya mwaka ujao. Mimi mwenyewe nilipanga mwaka mmoja ikawa minne. Nilipotaka kurudi, chuo kilisema mikrobiolojia yangu imezeeka, nirudie. Nililia kwenye parking, sio siri.

Kuna mambo mengine mawili ambayo pale ubatizoni hayakuguswa kabisa na ndo yanaumiza watu wetu.

La kwanza ni shule gani. Programu ya LVN kwenye komyuniti koleji, yaani chuo cha umma, kwa mfano Houston Community College au San Jacinto huku kwetu, na ile ya shule binafsi yenye tangazo kila kona, mwisho wake ni leseni ileile, lakini binafsi inaweza kukugharimu dola 30,000 na zaidi, kwa mkopo. Kwa bei hiyo hoja yote ya dada inaanguka, maana umelipa pesa ya RN ukapata LVN. Tena shule nyingi za hivyo zinahesabu saa tu, sio krediti za chuo, ukienda chuo cha RN wanakuangalia kama unaanza upya. Na usinunue njia ya mkato. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kule Florida walifungua kesi dhidi ya watu 25, zaidi ya vyeti 7,600 vya unesi viliuzwa bila mtu kusoma, vya RN na vya LPN, kwa maelfu ya dola. Baada ya hapo mabaraza ya unesi ya majimbo mengi yalianza kufuta leseni. Wahamiaji walikuwemo, watu wenye familia, pesa imeenda na jina limeenda.

La pili, wewe uliyekuja na stashahada au digrii ya uuguzi kutoka Muhimbili, KCMC, Kenya au Kongo. Tafadhali usikimbilie LVN kwasababu shemeji kakuambia cheti cha Afrika hakihesabiki. Omba kwanza matokeo yako yatathminiwe somo kwa somo na CGFNS, shirika la Marekani linalokagua vyeti vya manesi wa nje, siku hizi linaitwa TruMerit, na baraza la unesi la jimbo likikukubali unakaa NCLEX ya RN moja kwa moja. Nimefanya kazi na mkunga wa miaka 11, mikono ya dhahabu, kasoma LVN upya kwa mkopo kwasababu hakuna aliyemwambia. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Na wa California msidanganywe na ile njia ya vitengo 30 vya masomo, LVN anaongeza masomo kidogo anaruhusiwa kukaa mtihani wa RN. Ipo kweli kisheria, ila leseni hiyo majimbo mengine hawaitambui, ukihama umekwama. Texas leseni yetu inaweza kuvuka kwenda majimbo mengine yaliyo kwenye mkataba wa kutambuana leseni, California hawamo kwenye huo mkataba kabisa.

Jana nimempigia binti simu tukakaa saa nzima na karatasi. Nafasi aliyopata ni ya koleji ya umma, na anastahili msaada wa serikali wa ada usiorudishwa, kwahiyo nimemwambia akubali, anaanza Agosti. Ila nimemwomba tuandike tarehe kabisa, sio "baadae". Anatomia ya kwanza anaichukua sasa hivi kwenye muhula wa kiangazi kabla LVN haijaanza kumbana, ya pili mara tu akipata leseni, na mikrobiolojia aiweke mwisho kabisa karibu na kuomba kozi ya kuvuka kwenda RN ili isije ikazeeka kama yangu. Akaniuliza, na gari anti? Nikamwambia hiyo Corolla ya zamani inawaka? Akasema inawaka.

Yule kaka naye kanitumia meseji usiku, kasema yuko tayari kumfundisha hesabu za dozi kila Jumatano akitoka shifti.