Chenga za jenerali, vichwa vya wapagazi

Ukipanda basi la Lindi kwenda Masasi, ukishaiacha Mtama utaingia maeneo ya Nyangao na Mahiwa. Abiria wengi hapo wanasinzia. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani na Waingereza walichinjana hapo, na hadithi ya vita hivyo tunaisimulia vibaya.

Wapenzi wa historia wanamsifu Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kama mashabiki wanavyomsifu winga: alizunguka, alivizia, aliteleza, aliwapiga chenga Waingereza. Sibishi, kivita aliwaweza. Wanajeshi wa Nigeria, waliopigana upande wa Waingereza, walitumwa kuwazunguka Wajerumani kwa ubavuni, wakajikuta wao ndio waliozingirwa. Kisha Jenerali Beves wa upande wa Waingereza akawapeleka watu wake uso kwa uso na bunduki, na Lettow alishamjua kwa tabia hiyo tangu mwaka 1916, walipopambana kule Kilimanjaro. Waingereza walipoteza watu 2,700 hivi kati ya 4,900. Wajerumani walikuwa kama 1,500, wakapoteza mia tano na ushee.

Ugomvi wangu ni na hivyo vitenzi. Vyote vina mtendaji mmoja, bwana mkubwa mwenye kofia. Lakini jeshi lile halikuwa na malori ya maana, na mbung'o walishamaliza wanyama. Jenerali akisema "tuzunguke", kuna mtu anainama, anajitwika kasha la risasi, kilo ishirini na kitu, juu ya kata ya majani, anaingia porini peku. Bombomu, yaani bunduki ya rashasha, ilifunguliwa vipande, kila kipande na kichwa chake. Mizinga ya Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, iliyoangamizwa delta ya Rufiji mwaka 1915, ilikokotwa nchi kavu kwa kamba na mabega ya watu. Huko nako ni "kuteleza"?

Na chakula? Kila walikopita walikomba maghala. Mtama na muhogo wa watu wa bonde la Lukuledi na uwanda wa Makonde ndio uliolisha hizo mbinu, na askari akishaondoka na chakula, mwenye shamba anabaki na njaa. (Waingereza nao hawakuwa malaika.)

Baada ya Mahiwa, risasi zilikuwa zinawaishia. Lettow akapanda uwanda wa Makonde, akawaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Vitabu vinauita huo ujanja. Mimi nauliza aliyeachwa kwenye machela angeuitaje.

Walimu wetu wa Lindi na Mtwara wakifundisha vita hivi, waanze na mzigo. Jenerali waje naye baadaye, ana wasifu wake wa kutosha. Wapagazi wa upande wa Uingereza angalau wameachiwa jina sokoni Dar es Salaam, maana Kariakoo imetokana na "Carrier Corps", jina la Kiingereza la kikosi chao. Wale wa Lettow hawakuwekewa hata hesabu kamili ya waliokufa.